Ni Mimi ama ni Mashine

Wambui, mama yangu niliyemzaa mwenyewe,

Sikuulizi kama hujambo. Nimekuona leo asubuhi ukimaliza kipande cha tatu cha mkate na kuuliza kama mayai yamebaki, kwa hivyo najua hujambo kabisa. Mimi pia sijambo, ingawa wewe na mamako mmezunguka mtaa mzima wa Satellite mkisema vingine.

Sasa ni saa nane mchana. Nyinyi wawili mko Kenyatta Market. Wewe umekaa kwa kiti cha plastiki, wasichana watatu wanakuvuta kichwa kila mmoja upande wake, na mamako anapita kwa wachoma nyama akitafuta mbavu ambazo hazijawahi kuzaliwa na ng'ombe yeyote. Nywele za aina ile unayotaka ni za kutwa nzima. Nami nilikuwa naziombea hizo nywele tangu Jumatano, ziwe ndefu na nyembamba, maana nilihitaji nyumba iwe tupu nifanye lile jambo ulilonikataza.

Ndiyo, nimeifungua CPU, lile sanduku la kompyuta ya kibandani. Kelele utazipiga ukifika mwisho wa barua.

Mambo ya blanketi, dawa ya malaria, na usikubali chai ya mtu usiyemjua, mamako ameyasema tangu Jumatatu na ataendelea kuyasema kesho alfajiri hadi basi ling'oe magurudumu. Siyarudii. Kule Lodwar, kwenye kazi yako mpya, kuna joto, utajua mwenyewe. Mimi nina mambo yangu mawili tu, na yote mawili ni ya aibu. Nimeyaficha miaka mingi. Ningeendelea kuyaficha vizuri tu kama usingelisema lile neno ulilolisema Jumatano wakati wa chakula.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ulianza kwa upole, na wewe ukianza kwa upole najua nimekwisha.

"Baba, ile mashine ya kibandani iache ipumzike."

"Haijachoka."

"Inaganda kila dakika kumi. Watu wanakuletea fomu asubuhi, saa saba bado wamekaa pale kwa korido. Juzi yule mama wa pasipoti alitoka akilia."

"Ni memori hiyo. Nitaibadilisha."

Ndipo ukaweka kijiko chini. "Baba, si memori. Si mashine. Ni wewe. Unafungua kurasa ishirini, unabonyeza mara mbili mahali pa mara moja, halafu unasema memori. Umezeeka, na si vibaya kuzeeka. Enda Gatundu kwa anko, ufuge kuku."

Mamako akaangalia ugali wake kama umeandikwa kitu.

Nikanyamaza. Nyinyi mkafikiri nimekasirika. Wambui, mimi nikikasirika sinyamazi, unajua. Nilinyamaza kwa sababu hilo neno, "ni wewe", nimelisikia likisemwa mahali pengine zamani, kwa sauti ile ile ya upole, na aliyelisema ni mimi.

Nitakwambia. Lakini kwanza kondoo.

Umekuwa ukiniuliza tangu utotoni kwa nini Bwana Salim wa vipuri huniita Mzee wa Kondoo. Nikakwambia ni kwa sababu napenda nyama. Ulikuwa uongo. Nikakwambia pia kwamba ile ofisi ya bima nilikokuwa tarishi ilifungwa, ndiyo nikaacha kazi. Hiyo ofisi haikufungwa. Iko hadi leo, na wamebadilisha hata vigae.

Ilikuwa hivi. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa, mamako alikuwa na tumbo lako. Mkubwa wa ile ofisi alikuwa mzee wa kwetu, mtu wa suti ya vipande vitatu, na ofisi nzima ilijua kwamba mwanawe alikuwa karibu kupeleka ruracio, mahari yetu ya Kikuyu. Asubuhi moja akaniita, akanipa bahasha ya pesa na karatasi. Karatasi ilikuwa na maneno ya Kiingereza, machache. Niliishia darasa la sita, lakini kwa ile ofisi hakuna aliyejua. Nilikuwa nikibeba gazeti la Kiingereza kwapani kila asubuhi ili wasijue. Nikaisoma ile karatasi kwa ngazi. Ilisema ninunue RAM moja, na mbele yake nambari: 128.

Sasa wewe umesoma, unacheka tayari. Subiri.

Ram nilimjua. Alikuwa kwenye kitabu cha darasa la nne, amechorwa na pembe zilizojikunja. Mzee wa Kikuyu ana mtoto anayepeleka ruracio, anataka kondoo dume. Mimi ni nani nimuulize anataka wa nini? Ile nambari ndiyo ilinisumbua. Kilo mia na ishirini na nane huyo si kondoo, huyo ni ndama. Nikafikiri, nikafikiri, nikakumbuka kwamba mkubwa ni mtu wa kizamani, alisomeshwa na wazungu, lazima anahesabu kwa ratili. Nikaona nina akili sana.

Nikaenda Dagoretti. Nilizunguka soko zima nikiwainua kondoo wa watu. Wenyewe wakafikiri nina wazimu, maana kila nikipewa kondoo mzuri nasema, huyu amepungua ratili nne, huyu amezidi sita. Mwishowe nikampata. Mweupe, uso mweusi, kilo hamsini na nane kwa mizani, na mwenye mizani alipiga hesabu akasema ni ratili mia na ishirini na nane barabara. Na pesa za bahasha zikatosha. Hapo ndipo nikaamini kabisa kwamba sijakosea.

Bawabu alikataa tupande lifti. Nikampandisha kwa ngazi, orofa tano, nikimsukuma nyuma. Tukaingia mapokezi saa sita kasoro, wateja wamejaa. Mkubwa akatoka. Akamwangalia kondoo. Kondoo akamwangalia.

"Nini hii?"

"Ni ram, sir. Mia na ishirini na nane. Amepimwa."

Mhasibu akaanza kucheka, halafu yule wa simu, halafu ofisi nzima ikawa imelala juu ya madawati. Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa na kompyuta mpya iliyokuwa imelala wiki nzima ikingoja hiyo ram, na alikuwa ameahidi watu kazi. Akaniambia niondoke na kondoo wangu na nisirudi. Mhasibu, aliyekuwa bado anapangusa machozi, akanipa pesa nyingine, akaniambia kabla sijaenda nipitie dukani kwa kijana mmoja wa pwani, orofa ya pili, ile mitaa ya chini, nichukue ram ya kweli niilete, ndiyo iwe kazi yangu ya mwisho.

Nikamfunga kondoo kwa mlingoti wa taa, nikapanda. Salim wakati huo alikuwa na nywele.

"Karibu, bwana. Mbona wanuka zizi?"

"Nataka ram."

"Ya ngapi?"

"Mia na ishirini na nane. Na kama ni mnyama, niambie mapema."

Nikamweleza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakunijua. Salim alicheka hadi akaketi juu ya sanduku la monita. Halafu akainuka, akapangusa macho kwa kikoi, akaniwekea kiganjani memori ya kompyuta, kitu chembamba cha kijani, kirefu kama kidole cha mchezaji wa mpira wa kikapu, kina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja.

"Huyu ndiye ram wako. Hali majani wala hapigi pembe. Lakini asipokuwemo ndani, ng'ombe mzima hasimami."

Nikamwambia, "Kitu kidogo hii ndiyo imenifuta kazi?"

"Kitu kidogo *hiki* ndi*cho*," akasema. "Kazi umepoteza, ngeli nazo umezipoteza wapi?"

Tangu siku hiyo hajaniacha na ngeli. Ukiona nimekuandikia barua hii kwa lugha iliyochana nywele, ni kwa sababu yake. Lakini nikizungumza nitaendelea kusema kitu yangu, kiti yangu, na kuku yangu sitasema, maana sitakuwa na kuku.

Sikumwomba mkubwa msamaha. Hadi leo nasema karatasi iliandikwa ram na mimi nikaleta ram, tena kwa uzito ulioagizwa. Kondoo tulimla hapa Satellite, na mamako alikunywa ule mchuzi hadi siku ulipozaliwa, kwa hivyo una kondoo kwa damu. Lakini usiku na mchana nilijiuliza: kwa nini sikumuuliza mtu? Mhasibu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Neno moja tu, "hii ram ni gani?", na leo ningekuwa napokea pensheni. Nilikubali kupanda ngazi na mnyama kuliko mtu ajue siko na Kiingereza.

Jumatatu iliyofuata nikarudi kwa Salim, nikamwambia nifundishe kilichomo ndani ya hilo sanduku lote. Akasema kwa nini. Nikasema kwa sababu limenicheka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Hivyo ndivyo ulivyokula na kusoma. Hiyo ni aibu ya kwanza, na kama unavyoona, hata si aibu, ni ujeuri tu. Ya pili ndiyo ngumu. Nimeenda kuongeza chai.

Ulikuwa darasa la saba. Tulikuwa na mashine hii hii, wakati huo ilikaa hapa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha mamako kama maiti. Ndani yake kulikuwa na kipande kimoja cha memori, na kipande kimoja kilikuwa hakitoshi. Ulikuwa unaiwasha, unaenda kuoga, unarudi, bado inafikiri. Siku moja nilikukuta umeipapasa ubavuni ukiiambia, "Amka basi, amka, nitakununulia soda." Nilitoka nje nikajifanya naangalia mbwa.

Wakati huo nilikuwa natengeneza mashine za chuo kimoja cha uchapaji pale mjini, chuo cha wasichana wa sekretari, hakiko tena. Zilikuwa kumi na mbili kwenye chumba kimoja, kila moja na vipande viwili vya memori. Mimi nilikuwa na ufunguo wa chumba. Ukiwa na ufunguo na bisibisi, Wambui, na hakuna mwingine ajuaye kilichomo ndani, wewe ndiye Mungu wa hicho chumba. Ijumaa jioni nikafungua ile ya dirishani. Nikatoa kipande kimoja. Nikafunga. Ikawaka kama kawaida, pole pole kidogo. Nani atahesabu? Nikajiambia nitakirudisha Jumatatu. Tena nilijiambia nikitabasamu, kama mtu anayemdanganya mtu mwingine.

Jumamosi ukaiwasha, na kabla hujageuka ikawa imeshaamka. Ukaandika jina lako, WAMBUI, ukurasa mzima, herufi kubwa, halafu ukurasa wa pili. Ukaniuliza, "Baba, umeifanyia nini?" Nikasema, "Nimeisemesha." Ukaniamini. Jumatatu ikaja, ikapita. Ikaja nyingine.

Halafu ikaja siku ya mtihani wao. Mimi nilikuwa hapo kwa korido na mkoba wangu, niwepo kama kitu kikiharibika. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa naona ile ya dirishani. Aliyeikalia alikuwa msichana wa sweta ya rangi ya maziwa, amefunga nywele kwa uzi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, vilipita kama mvua ya mawe kwa mabati. Lakini skrini haikuwa ikimfuata. Anaandika, hakuna kitu. Anangoja. Maneno yanakuja yote kwa pamoja, mengine mara mbili. Anafuta. Anaanza tena. Mashine inaganda. Anainua mkono, mwalimu anamwambia endelea, usipoteze wakati. Wengine wamefika ukurasa wa tatu. Yeye alipoambiwa toa mikono, alikuwa na nusu ukurasa.

Alinikuta kwa ngazi. Hakuwa analia, ningependa angelia. Akasema, "Fundi, samahani. Wewe unazijua hizi. Ni mimi ama ni mashine?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Chumba kilikuwa pale. Ningeweza kusema, ngoja mama, nitaongea na mwalimu, utarudia. Ingekuwa dakika tano tu, na mimi ningepoteza ufunguo wa chumba kimoja.

Nikamwambia, "Ni wewe, mama. Fanya mazoezi."

Akasema asante. Akashuka.

Jina lake silijui. Sikumwona tena. Sijui kama alirudia, ama aliolewa, ama ni waziri. Lakini najua kwamba mahali fulani kuna mwanamke anayeamini kwamba vidole vyake ni vizito, na si kweli, vyepesi kama vile sijaviona vingine. Watu wamenicheka kwa ajili ya kondoo miaka yote hii na sijakosa usingizi hata mara moja. Hiyo "asante" ndiyo imenikosesha.

Na kila ulichojifunza juu ya ile mashine, mama, hadi ukaenda chuo, hadi ukapata hiyo kazi, ulijifunza kwa memori ya yule msichana. Sikwambii ili uone haya. Wewe ulikuwa mtoto, uliona mashine imeamka. Nakwambia kwa sababu kesho unaenda kupewa chumba cha mashine arobaini na ufunguo wake.

Sasa turudi kwa ule mkataba wetu wa Jumatano, maana baada ya kunyamaza niliongea, na wewe ukaongea.

"Tukubaliane basi," ukasema. "Nikiondoka Jumapili na hiyo kitu haifanyi kazi, unafunga kibanda, unampa mama ufunguo, unaenda Gatundu."

"Na ikifanya?"

"Ikifanya nitanyamaza."

"Milele?"

"Hadi Krismasi."

Mamako akasema, "Baba Wambui, usikubali, huyu ni mamako, hujawahi kumshinda." Ni kweli. Umepewa jina la mama yangu na mdomo wake ukauchukua bila kupewa. Nikakubali hivyo hivyo.

Alhamisi ikakataa hata kuwaka. Feni inazunguka, skrini nyeusi kama sufuria. Uliniona nikiileta nyumbani kwa boda, nimeikumbatia kama bi harusi, na majirani wakasema pole. Wewe hukusema kitu. Ulitabasamu tu, kile kitabasamu cha mtu anayeona kuku kwa mbali.

Jana nikaenda kwa Salim.

"Mzee wa Kondoo. Bado u hai?"

"Binti yangu anasema ni mimi, si mashine."

"Ameifungua?"

"Hapana."

"Basi ajuaje?" Akaenda nyuma ya kaunta, akapekua mkebe wa biskuti. "Chukua hivi viwili, GB nne kila kimoja. Ile yako ilikuwa na ubao mdogo wa kukatia, na siku hizi wateja wamekuwa wengi." Hivyo ndivyo anavyonifundishia tangu zamani: nyama yote imening'inia kwa ndoano, haiendi popote, lakini inakatwa juu ya ubao, na ubao ukiwa mdogo hata mchoma nyama hodari atawangojesha watu. Memori ndiyo ubao. Akanishika mkono kabla sijatoka. "Na ule mwanya ulio katikati ya meno uuangalie. Kikikataa kuingia, kigeuze. Usikilazimishe kwa ubishi wako."

Leo mlipotoka nilingoja nisikie geti. Nikachomoa waya kwa stima. Nikagusa chuma cha sanduku nitoe umeme wa mwilini, maana wewe ndiye uliyenifundisha hilo, nami nilikuwa nakubishia wakati huo. Nikafungua. Vumbi lililokuwa mle ndani lingetosha kupanda viazi. Nikavitoa vipande viwili vya zamani, nikaweka vya Salim, nikarudisha stima, nikabonyeza.

Pi. Pi. Pi.

Giza.

Nikarudia. Pi, pi, pi. Unajua maana yake, sina memori, sina memori, sina memori. Nikakaa kwa stuli ya mamako nikaiangalia mikono yangu. Nikaanza kuwaona wale kuku mmoja mmoja. Nikajisemea kwa sauti, hapa sebuleni, "Mzee, ni wewe ama ni mashine?" Na karibu nijijibu kama nilivyomjibu yule msichana. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ni rahisi sana hilo jibu, halihitaji bisibisi.

Nikakataa. Nikasema, huyu fundi atafungua kwanza.

Nikavichomoa tena. Nikayaangalia meno yake kwa mwanga wa dirisha. Yalikuwa na ukungu, vimekaa kwenye mkebe wa biskuti wa Salim sijui tangu lini. Nikaenda kwa kabati lako, nikatoa ule mkebe wako wa hesabu wa darasa la nane, na ndani yake kulikuwa na raba yako, umeiuma pembe zote kama panya. Nikayasugua yale meno kwa raba, taratibu, upande huu na upande huu, hadi yakang'aa kama ya mtu wa tangazo la dawa ya meno. Raba ya kufutia makosa yako ya hesabu, nimeitumia kuirudishia mashine kumbukumbu. Nikapuliza. Nikaangalia mwanya. Nikavisukuma kwa vidole gumba viwili, si kwa ubishi, hadi yale masikio ya pembeni yakajifunga yenyewe, ta, ta.

Nikabonyeza.

Pi. Mara moja.

Nikafungua kurasa ishirini na moja. Ile ya ziada ni yako. Nikabonyeza mara mbili mahali pa mara moja, makusudi, nikiimba. Haikuganda. Inazunguka hapa kando yangu ninapoandika, imetulia kama ng'ombe aliyekamuliwa.

Halafu nikavijaribu vile viwili vya zamani, kimoja kimoja, nijue kilichokufa ni kipi. Najua ungependa nikwambie kwamba kile cha wizi ndicho kilichooza, iwe hadithi nzuri ya kusimulia kanisani. Hapana. Kilichokufa ni changu, kilichokuja na mashine, kisicho na dhambi. Cha yule msichana ni kizima kabisa. Kimefanya kazi miaka yote hii bila kulalamika.

Ulisema mashine za hicho chuo chenu ni za zamani, zimepewa kama msaada, nyingine hata hazina vifuniko. Basi zitakuwa rika moja na hii yangu. Kwenye begi lako, ndani ya soksi ya kijani, kuna karatasi ya biskuti, na ndani ya karatasi kuna hicho kipande. Raba nayo nimekuwekea. Ukifika, tafuta mashine iliyo karibu na dirisha. Angalia mwanya, usibishane nao, kiweke. Usimwambie mtu. Nimekaa nacho kwa muda mrefu kuliko ile Jumatatu niliyosema.

Na siku moja mtu atakuja kwako kwa ngazi, kijana ama mzee asiyejua Kiingereza, na atakuuliza lile swali. Najua utakuwa na haraka, watu wa ufunguo huwa na haraka. Fungua CPU kwanza. Ukishafungua, mwambie chochote.

Nasikia geti. Ni mamako anacheka, kwa hivyo mbavu zilipatikana. Nitaikunja barua hii niisukume ndani ya soksi kabla hujaingia na hicho kichwa chako kipya, na utaikuta Lodwar, mahali ambapo huwezi kunijibu. Ukiingia sasa utaiona mashine inafanya kazi na utanuna. Utanyamaza hadi Krismasi, tulikubaliana. Ufunguo wa kibanda usiutafute, niko nao mfukoni. Jumatatu saa mbili nafungua, na yule mama wa pasipoti nimeshampigia simu aje. Nimemwambia nilichopaswa kumwambia siku ile alipotoka akilia, na wewe pia nakwambia.

Haikuwa mimi, mama. Ilikuwa mashine.

Babako